Kuacha maziwa ili kupunguza uzito: kinachopungua hasa ni nini

Shauri hili hutolewa kwa sauti ya uhakika sokoni, kazini na kwenye simu: acha maziwa kwa mwezi mmoja, utapungua. Wapo waliolifuata wakapungua kweli, na ushuhuda wao ndio unaolipa nguvu. Kabla ya kuondoa chakula hicho mezani ni vyema kuelewa ni kitu gani kilichowapunguza, kwa sababu jibu lake si lile linalodhaniwa na wengi. Aidha, uamuzi wa mtu mzima mmoja kuhusu maziwa mara nyingi huamua pia watakachokunywa watoto wa nyumba hiyo.

Hoja ya uzito yenyewe ni ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, ikilinganishwa na asilimia 22 mwaka 2010. Uzito wa namna hiyo huongeza hatari ya shinikizo la juu la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Anayetafuta njia ya kupungua ana sababu ya kutosha. Swali ni iwapo maziwa ndiyo yanayostahili kulaumiwa.

Mfano mzuri ni kifungua kinywa kinachofahamika katika nyumba nyingi: kikombe cha chai ya maziwa na chapati moja. Kikombe cha mililita 250, kikiwa nusu maziwa na nusu maji, hupata kilokalori karibu 80 kutoka kwenye maziwa yenyewe. Vijiko vitatu vya chai vya sukari huongeza karibu 50. Chapati iliyokandwa na kukaangwa kwa mafuta hupita 250 kwa urahisi, kwa kuwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta peke yake hubeba kilokalori 120. Kwa hesabu hiyo, maziwa ni takriban moja ya tano tu ya nishati iliyomo katika mlo huo, ingawa ndiyo yanayobeba lawama yote.

Anayesema ameacha maziwa huwa ameacha mambo mengi kwa pamoja. Wengi, baada ya chai ya maziwa kuondoka, huona chapati na maandazi hayana tena mwenzake, nayo yakaondoka. Aiskrimu huondoka. Mtindi wa dukani uliotiwa sukari na rangi huondoka, na vivyo hivyo maziwa mazito ya kopo, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Mtu huyo atapungua, na hana sababu ya kushangaa. Lakini angepungua vivyo hivyo kama angeondoa sukari na chapati, akabakiza kikombe cha maziwa.

Kwa upande mwingine, yupo anayeacha maziwa na kuhamia chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, au soda. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 au zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unaeleza kuwa kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Asilimia 5 hiyo ni kama gramu 25, au vijiko sita vya chai, kwa mtu mzima wa kawaida. Soda moja imeshavuka hapo.

Katika ukanda wa Pwani na Visiwani lipo badiliko jingine ambalo halitajwi sana. Baadhi ya walioacha maziwa ya ng'ombe huongeza matumizi ya tui la nazi, wakiamini kuwa kinachotoka kwenye mmea hakinenepeshi. Tui zito, lile la kwanza kukamuliwa, lina zaidi ya kilokalori 200 katika kila gramu 100, ilhali maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta yana kilokalori zipatazo 65 tu kwa kiasi hicho hicho. Tui ni chakula kizuri na hakuna anayetakiwa kulikimbia. Hata hivyo, haliwezi kuhesabiwa kuwa mbadala wa kupunguzia uzito, tena lina protini na kalsiamu kidogo kuliko maziwa.

Hesabu ya muda nayo husaidia kupima ahadi ya mwezi mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kubeba kilokalori 7,700. Mtu aliyekuwa akinywa vikombe viwili vya chai ya maziwa kwa siku, akiondoa maziwa peke yake na asiongeze kitu kingine chochote, huokoa kilokalori 160 kwa siku. Itamchukua karibu siku 48 kupunguza kilo moja, na kwa kawaida zaidi ya hapo, kwa sababu mwili unapopungua nao hupunguza matumizi yake. Anayedai kuwa amepoteza kilo tano kwa mwezi kwa kuacha maziwa tu, ama ameacha na vingine, ama ana jambo jingine mwilini.

Tafiti kubwa zinaelekea upande huo huo. Mwaka 2012 jarida la lishe la Marekani, The American Journal of Clinical Nutrition, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 29 yenye washiriki 2,101. Kwa ujumla, kuongeza mazao ya maziwa katika mlo hakukubadilisha uzito kwa kiwango cha maana. Katika majaribio mafupi ambayo washiriki walipunguziwa chakula, waliokula mazao ya maziwa walipungua kidogo zaidi. Pale ambapo kila mtu alikula apendavyo, au majaribio yalipoendelea kwa muda mrefu, faida hiyo haikuonekana. Mwaka uliotangulia, The New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya ufuatiliaji wa Wamarekani zaidi ya 120,000 kwa miaka mingi. Vyakula vilivyoandamana na kuongezeka kwa uzito vilikuwa hasa viazi vya kukaanga, vinywaji vyenye sukari na nyama nyekundu. Maziwa hayakuonesha tofauti kubwa, na waliokula mtindi waliongezeka kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wengine. Ufuatiliaji wa aina hiyo hauthibitishi kuwa mtindi ndio uliowazuia kunenepa, kwani huenda walaji wake wana desturi nyingine njema. Lakini ni vigumu kuusoma na bado kuyaita maziwa adui wa kiuno.

Haki inataka ielezwe pia kuwa upande wa pili umewahi kupita mpaka. Nchini Marekani sekta ya maziwa ilitangaza kwa miaka kadhaa kwamba kunywa maziwa kunapunguza uzito. Mwaka 2007 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ushindani wa biashara ilieleza kuwa wahusika wamekubali kusitisha matangazo hayo hadi utafiti wa kutosha uthibitishe madai yao. Maziwa si dawa ya kukonda, kama yasivyokuwa chanzo cha unene.

Wapo, hata hivyo, ambao wakiacha maziwa hujisikia wepesi siku hiyo hiyo. Hao hawadanganyi. Sukari ya maziwa huhitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi ili isagwe tumboni, na takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani huwa nacho kidogo baada ya utoto. Sukari isiyosagwa huchachuka ndani ya utumbo mpana, ikaleta gesi, tumbo kujaa na wakati mwingine kuhara. Maziwa yakiondolewa, tumbo hushuka na nguo hulegea. Kilichoondoka ni gesi na maji. Mafuta ya mwili yamebaki pale pale, na mizani itasema hivyo baada ya wiki chache.

Hali hiyo haiko sawa kwa jamii zote. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya vipimo vya watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Walibaini mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kuendelea kusaga maziwa, mabadiliko yaliyojitokeza katika jamii za Afrika peke yake, tofauti na yale ya Ulaya, katika miaka elfu kadhaa ya kufuga ng'ombe. Kwa hiyo jirani wawili wanaweza kunywa kutoka chungu kimoja, mmoja akalala vizuri na mwingine akahangaika usiku kucha. Wafugaji wengi, kwa upande wao, wamezoea kuyagandisha maziwa katika kibuyu, na hapo bakteria hula sehemu ya sukari hiyo kabla ya mnywaji. Ndiyo maana asiyeweza maziwa mabichi au ya moto mara nyingi huweza mtindi. Wengi wenye upungufu wa laktasi huvumilia hata kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakikinywa pamoja na chakula.

Mzio wa maziwa ni jambo tofauti kabisa. Anayevimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa kifua baada ya kunywa maziwa anapaswa kwenda kituo cha afya, wala asijijaribu nyumbani.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni watoto. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa mtoto anayekua, glasi ya maziwa ya mililita 250 hutoa gramu 8 za protini, miligramu zipatazo 300 za kalsiamu na vitamini B12, ambayo kiasili hupatikana katika vyakula vya wanyama. Mzazi anayejipunguza uzito anaweza kuondoa maziwa kwenye kikombe chake bila kuyaondoa kwenye kikombe cha mtoto. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta yanaweza kumfaa mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka miwili hayamfai. Maziwa ya mama hayamo katika mjadala huu: mtoto hunyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi sita, kisha huendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Mtu mzima anayeamua kuacha maziwa anahitaji kupata kalsiamu kwingine, kiasi cha miligramu 1,000 kwa siku. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni chanzo kizuri na cha bei nafuu. Mchicha una kalsiamu, ila sehemu kubwa hufungwa na asidi ya oksaliki iliyomo na mwili hauipati. Maziwa ya soya yana protini, lakini lebo isomwe kuona kama yameongezewa kalsiamu na kama hayakutiwa sukari. Wajawazito na wanaonyonyesha wazungumze kwanza na mhudumu wa kliniki.

Anayetaka kujua ukweli wa mwili wake ajipime kwa mizani ile ile, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, na apime pia kiuno kwa utepe. Uzito ukishuka kwa kasi isiyolingana na kilichopunguzwa, sifa zisipewe kuacha maziwa. Kupungua bila sababu ya wazi, hasa kukiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kiu isiyoisha au kukojoa mara kwa mara, ni dalili zinazohitaji kipimo cha kifua kikuu na cha kisukari katika kituo cha afya kilicho karibu.