Kwa Nini Soja wa Runinga Huchekesha?

Wanachama wenzangu, siku mkiangalia vichekesho vya runinga zetu za Kenya, fumbeni macho kidogo msikilize tu. Nani anazungumza Kiswahili sanifu? Na nani anakivunjavunja?

Chukueni Vioja Mahakamani, kipindi cha tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka wa 1989. Hakimu na kiongozi wa mashtaka hunena Kiswahili kilichonyooka kama cha mwalimu wetu. Washtakiwa je? Ni akina Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti, walalahoi watupu, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Kesi yenyewe huwa ndogo. Kinachotuvunja mbavu ni matamshi.

Njia hii ni rahisi mno. Mtunzi haonyeshi nyumba ya mtu, mshahara wake wala kazi yake. Akifungua kinywa tu, tumeshamjua ni maskini. Na lafudhi huvaliwa kama koti. Mzee Ojwang wa Vitimbi aliongea Kijaluo-Kiswahili miaka nenda miaka rudi, kumbe mwigizaji wake, marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu! Sisi wa Ukambani nasi tuna koti letu: mpishi au soja anayesema "ndada" badala ya "dada".

Papa Shirandula, kilichoanza Citizen mwaka wa 2007, kilikwenda mbali zaidi. Marehemu Charles Bukeko alikuwa soja, naye ndiye mhusika mkuu, si mtu wa kufungua lango na kutoweka. Lakini Papa anamficha mkewe Wilbroda kazi anayofanya. Kazi halali, anaificha kama mali ya wizi! Tunacheka, sawa, ila aibu hiyo tunaijua. Muulize mwenzako bwenini babake anafanya kazi gani. "Ako Nairobi." Nairobi wapi? Ananyamaza, ama anageuza mazungumzo.

Filamu nazo? Katika Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, Mwas anatoka mashambani kwa basi, anaporwa siku hiyo hiyo na kulala seli. Humo Sheng ni lugha ya watu tu, haichekwi. Hilo nimelipenda sana. Lakini naye kazi anayoipata mjini ni kuiba vipuri vya magari. Basi mnyonge akikosa kuwa kichekesho, anakuwa mwizi? Soja anayepiga miayo saa kumi za alfajiri huku akihesabu karo ya mtoto, huyo bado sijamwona.

Wala tusiilaumu runinga peke yake. Katika michezo yetu wenyewe ya tamasha la drama, mwenye gari hupewa Kiswahili sanifu, na soja hupewa "ndada". Maneno hayo huandikwa na wanafunzi, na wengine wao ni watoto wa masoja.