Mzigo wa mama wa Kasha na kihisi kinachosoma hatua

Tangu tuandike juu ya maumivu ya mgongo, maswali kutoka Kasha na kwingineko Bagira, hapa Bukavu, hayajakoma. Moja linarudi kila mara: je, ni kweli wataalamu walipima wakakuta mwanamke wa Kiafrika hachoshwi na mzigo? Wanaume wanaolieneza neno hili wamelifanya ruhusa ya kumtwika.

Utafiti upo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Maloiy na wenzake, waliowapima wanawake wa Kenya: Waluo wanaojitwika kichwani, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa paji la uso, kama wanavyobeba mama zetu hapa Bukavu. Mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Gunia la makaa limo humo? Kupita hapo, gharama ilipanda kadiri mzigo ulivyopanda. Tena hapakuwa na mlima. Kasha ni mteremko na mpando, na kila hatua ya kupanda inainua mwili pamoja na mzigo.

Siku hizi mwendo unaweza kupimwa mlimani kwenyewe, kwa kihisi kidogo kinachofungwa kifundoni au kiunoni. Ndani yake mna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwenye springi ndogo mno. Mguu ukitikisika, kipande kinachelewa kidogo, na kuchelewa huko kunageuzwa namba, mara 100 au zaidi kwa sekunde.

Utamu wenyewe uko hapa. Kihisi hakijui ulipo. Kinajua tu kasi yako inavyobadilika. Kupata umbali lazima ujumlishe mara mbili, na kosa nalo linajumlishwa. Kosa la mita 0.01 tu kwa sekunde mraba, baada ya dakika moja limekuwa mita 18! Kwa kihisi cha mguuni, unyayo ndio uliowaokoa wahandisi. Kila ukikanyaga, unyayo hutulia chini kwa sehemu ya sekunde, kasi yake sifuri. Programu inakivizia kituo hicho, inafuta kosa la kasi lililojilimbikiza, inaanza upya. Kisha hesabu za Fourier zinatenganisha midundo: hatua, takribani mbili kwa sekunde; mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson, nne hadi sita. Aliyelemewa na mzigo, nyayo zake mbili hukaa chini pamoja muda mrefu zaidi, na namba zinaonyesha hivyo hata kama mwenyewe hajalalamika.

Kwa hiyo msinitajie tena ile mashine ya kushika kifimbo cha chuma, eti inasoma ini, figo na kizazi kupitia kiganja, kisha inatoa karatasi na dawa za kununua. Huo ni wizi. Kihisi cha mwendo kinapima mtikisiko, na wanaokitumia kwa haki hawadai zaidi. Bangili za sumaku nazo haziponyi mgongo.

La kufanya: gawanyeni mzigo, safari mbili badala ya moja, pumzikeni mara nyingi, hasa mnapopanda. Miguu ikifa ganzi, ikilegea, au mkojo ukikataa kuzuilika, msitafute mganga wa karuho, yaani wa sumu. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo inaweza isipone tena ikicheleweshwa.