Kofia ya Mtoto wa Kipupwe

Kipupwe cha Juni na Julai hakigawi baridi sawasawa. Ujiji ipo kandoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji hutunza joto. Kasulu imepita mita 1,000. Usiku wake ni mwingine.

Kwa hiyo ukipanda huko kumpongeza mzazi, chukua kofia ya uzi laini, kwani mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Nashauri upime kwanza: fuma kipande kidogo, hesabu mishono katika sentimeta 10, ndipo uanze kofia ya mzunguko wa sentimeta 33 hivi, ukingo wake uvutike. Usitie kamba, zaweza kumkaba. Kipande huchukua dakika chache. Kofia isiyoingia kichwani hufumuliwa yote.