Je, Wajua? Walimu Waliotoka Kiungani

Je, wajua kwamba miongoni mwa walimu wa mwanzo wa shule za Afrika Mashariki walikuwamo watoto walionusurika utumwani? Mwaka 1864 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alimkabidhi Askofu William Tozer, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Hao ndio walioanza darasa. Muda si mrefu misheni ikapata kiwanja Kiungani, nje kidogo ya Mji Mkongwe, na hapo kikasimama Chuo cha Mtakatifu Andrea, cha kuandaa walimu na makasisi.

Je, wajua kwamba wengi wa wanafunzi wa Kiungani walifika hapo wakiwa na lugha mbalimbali za bara, Kiyao na Kinyasa zikiwamo? Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Vijana wa misheni hawakufundishwa kusoma vitabu tu, walivichapa pia. Mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka 1874, alikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana walipanga maneno ya Kiswahili kwa herufi moja moja za risasi, wakapaka wino, wakagandamiza karatasi. Mwaka 1888 likatoka hapo Kiungani gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi, likipokea habari kutoka vituo vya misheni vya bara. Mwalimu aliyekuwa peke yake kijijini aliweza kusoma habari za wenzake aliosoma nao.

Je, wajua nani alimfundisha Kabaka (mfalme) Mutesa wa Buganda habari za Biblia kabla ya wamisionari kufika kwake mwaka 1877? Dallington Maftaa, kijana aliyelelewa na misheni hiyo ya Zanzibar. Alifika Buganda mwaka 1875 katika msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley, akabaki kwa Kabaka kama mwalimu. Vitabu vingi humtaja Stanley na kumpita kijana huyu. Si haki hata kidogo.

John Swedi, mmoja wa wale watano wa 1864, alipata ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, alisoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika katika misheni hiyo. Alifanya kazi kati ya Wayao wenzake huko Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo.

Na wasichana? Wao walisoma Mbweni, papo hapo Zanzibar, chini ya Caroline Thackeray aliyewasili mwaka 1877, na baadhi wakawa walimu. Magofu ya shule yao yangalipo.

Je, wajua kwamba wavulana wa Kiungani waliandika wenyewe jinsi walivyotekwa makwao? Mmisionari A. C. Madan alizitafsiri simulizi hizo na kuzitoa kitabuni mwaka 1887.

Mwaka 1925 chuo kilihamia Minaki, Kisarawe, ambako hadi leo ipo shule ya sekondari.

Lakini majina ya walimu wengi wa vijijini waliotoka Kiungani hayamo vitabuni. Kama katika ukoo wenu yupo aliyesoma huko, waulizeni wazee wangali hai, mkaliandike jina lake na mahali alikofundisha.