Choa si laana



Leo tunaanza kwa toba. Mama mmoja alituletea mtoto wake mwenye mabaka ya duara kichwani, nywele zimekatika. Watu walisema ni laana ya ukoo. Tulimwekea mikono tukaomba, lakini hatukumwambia aende kituo cha afya. Miezi ikapita. Watoto wa kwaya wakakataa kuketi naye. Muuguzi alipomwona alitambua mara moja: ni choa.

Choa huletwa na fangasi, vimelea vidogo vinavyokula sehemu ngumu ya ngozi, nywele na kucha. Vinapenda joto na unyevu. Vinapita kwa kitana, kofia, taulo na mashine ya kunyolea, hata kwa paka na mbwa. Hakuna mchawi ndani yake.

Tuvitambue hivi. Mwilini ni duara linalowasha, ukingo wake umeinuka, katikati panaanza kupona. Katikati ya vidole vya miguu ngozi inakuwa nyeupe, inachubuka na kunuka, hasa kwa wanaoshinda ndani ya mabote. Kucha inakuwa nene, ya manjano, inamomonyoka.

Dawa ziko. Kwa ngozi, pomade ya klotrimazoli hupakwa mara 2 kwa siku, majuma 2 hadi 4. Tusiache siku doa linapofifia, maana fangasi bado wamo. Choa cha kichwani hakiponi kwa pomade peke yake: kinahitaji vidonge, kwa agizo la kituo cha afya. Kucha inadai uvumilivu, kwa sababu ya mguuni huchukua mwaka 1 au zaidi kuota upya.

Akina mama na akina dada, tusikilizane. Pomade nyingi za kujichubua zina kortikoidi. Ukizipaka juu ya choa, kuwasha kunatulia na wekundu unafichika, kumbe ugonjwa unaenea chini kwa chini. Usipake.

Tena, doa lisilosikia mguso au maumivu laweza kuwa ukoma. Kimbilia kituo cha afya upesi. Ukoma unapona, na dawa yake hutolewa bure.

Nyumbani, kila mtu awe na taulo lake. Tukaushe miguu vizuri. Nguo na mashuka tuyafue na kuyaanika juani.

Katika Walawi 13, kuhani aliletewa mtu mwenye doa. Alilitazama, akangoja siku 7, akalitazama tena. Hakutamka neno kabla ya kuchunguza. Sisi tulitamka, au tulinyamaza wengine walipotamka, na mtoto akabeba aibu isiyo yake.

Tulienda kwa yule mama, tukaomba msamaha. Mtoto alimeza vidonge majuma kadhaa, nywele zikaota, akarudi kwaya.

Wapendwa, tuendelee kuombea wagonjwa. Tukisema amina, tuwasindikize mpaka kituo cha afya.

Mungu awabariki.