Jumba la Bia la Brugge: Tuliyoyaona na Tuliyoyauliza

Ndugu wafanyakazi, tangu turudi kutoka semina ya vyama vya wafanyakazi huko Ubelgiji mwaka 2023, yamesemwa maneno mengi mashambani na viwandani. Wapo waliosema kwamba wajumbe wenu wawili walipelekwa Ulaya kunywa bia kwa ada za wanachama. Ni haki yenu kuuliza, na ni wajibu wetu kujibu. Tiketi tulilipiwa na wenyeji. Bia aliionja mmoja wetu tu, kwa kuwa mwenziwe ni Mwislamu, na yeye alikatiwa tiketi isiyo na bia, ambayo ni nafuu zaidi. Hayo yamekwisha. Sasa tueleze tulichojifunza, maana kinawahusu hata ninyi ambao hamjatia bia kinywani maisha yenu yote.

Ilikuwa Jumapili, semina imepumzika. Mwenyeji wetu, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alitupandisha gari la moshi kutoka Brussels hadi mji wa Brugge, safari ya saa moja hivi. Brugge ni mji wa kale wenye mifereji ya maji katikati ya nyumba. Katika uwanja mkubwa wa soko upo mnara wa kengele wenye urefu wa mita 83, na ubavuni mwa uwanja huo lipo jengo lililokuwa posta. Ghorofa za juu za posta hiyo ndizo zilizogeuzwa jumba la makumbusho ya bia mwaka 2014.

Sisi tumezoea majumba ya makumbusho yenye kamba na kibao cha "Usiguse". Hili si la namna hiyo. Mlangoni unapewa kioo cha umeme, kiasi cha kibao cha shule tulichoandikia zamani kwa chaki, pamoja na visikilizio vya masikioni. Unachagua lugha, unaelekeza kioo kwenye picha iliyoko ukutani, na palepale sauti inaanza kukueleza. Kiswahili hakikuwamo, tukafuata Kiingereza kwa taabu kidogo. Shayiri unaishika na kuitafuna, maua ya hopsi unayafikicha na kuyanusa. Tuliona watoto wa shule wakikimbia huku na huko na vioo vyao. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha semina akaona wanachama wanasinzia saa nane mchana angetamani kuwa na jumba kama hilo.

Jinsi bia inavyotengenezwa haikutupa shida, kwa sababu mama zetu walitufundisha. Mwanamke anayepika malwa hulowesha wimbi, huuacha uchipue, huukausha, husaga: hicho ndicho kimea. Wabelgiji hufanya vivyo hivyo kwa shayiri, na mara nyingine kwa ngano. Chipukizi likianza kutoka, ndani ya punje huamka nguvu ya kugeuza unga kuwa sukari. Kisha kimea hulowekwa katika maji ya moto ili sukari itoke, maji hayo matamu huchujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi, hupozwa, hutiwa hamira. Hamira ni vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na kutoa kileo na hewa ile inayoleta povu. Tofauti kubwa na malwa ni hopsi, ambayo hutia uchungu na kuzuia bia isiharibike upesi. Malwa hainywewi wiki ijayo, lakini bia ya chupa husafirishwa mbali. Na kitu kinachoweza kusafirishwa mbali, ndugu, ndicho kinachomvuta tajiri.

Tulipokuwa tunanusa hopsi, mzee wetu alituambia kuwa katika mkoa huohuo wa Flandria ya Magharibi uko mji wa Poperinge, ambako hopsi imelimwa kwa karne nyingi. Hopsi ni mmea utambaao juu ya nyaya na nguzo ndefu kuliko nyumba. Zamani kila Septemba familia nzima za maskini, baba, mama na watoto, zilitoka miji ya viwanda kwenda kuchuma maua hayo kwa mikono. Walilala ghalani juu ya majani makavu, wakalipwa kwa kadiri walivyochuma. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja mashine za kuchumia, na kazi ile ikafa. Poperinge nao wana jumba lao la makumbusho, na limewekwa ndani ya nyumba ya zamani ya mizani, hopsi ilikopimwa. Tuliposikia neno mizani tulitazamana. Wachuma chai wanaosoma gazeti hili wanajua kwa nini. Mizani ya mwajiri ina historia ndefu kuliko tulivyodhani, na hata Mzungu maskini amesimama mbele yake na kikapu chake.

Katika chumba cha historia yamo mambo ya watawa, na ya zamani zile ambazo bia nyepesi ilikuwa kinywaji cha kila siku. Ni ya kupendeza, lakini tusiyarefushe. Sisi tulitaka kujua habari za mfanyakazi na bia, na mzee akatueleza mawili ambayo tuliyaandika kwenye daftari.

La kwanza ni hili. Katika karne ya 19 mfanyakazi wa Ubelgiji aliweza kulipwa mshahara wake ndani ya kilabu cha pombe. Mara nyingi mwenye kilabu alikuwa msimamizi wake wa kazi au jamaa ya msimamizi. Ukipokea fedha usinunue chochote, Jumatatu unaweza kukuta jina lako halimo kwenye orodha. Mwaka 1886 ulitokea mgomo mkubwa katika migodi na viwanda vya Wallonia, jeshi likapiga watu risasi. Mwaka uliofuata, 1887, Bunge likapitisha sheria kwamba mshahara ulipwe kwa fedha taslimu, na usilipwe mahali panapouzwa pombe. Basi anayesema migomo haijawahi kuleta kitu, mwambieni habari hiyo.

La pili linamhusu Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha wafanyakazi aliyekuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1919 alileta sheria ya kukataza pombe kali kuuzwa katika baa na mikahawa. Pombe hiyo ni ya namna ya waragi yetu. Dukani iliruhusiwa, ila mtu anunue si chini ya lita mbili kwa mara moja. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mfanyakazi hana fedha za lita mbili. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1983. Watu wakahamia kwenye bia, na wenye viwanda wakaona faida ya kupika bia zenye nguvu zaidi kwa wale waliokuwa na kiu ya jenever. Kwa hiyo bia kali za Ubelgiji zinazosifiwa leo zinaidai kidogo sheria ya mtu aliyetaka wafanyakazi wapunguze ulevi. Tulicheka sana. Lakini baadaye, tukiwa ndani ya gari la moshi, tulibishana. Mmoja wetu alisema Vandervelde alifanya vema, kwa sababu mke na watoto ndio wanaolipia chupa ya Jumamosi. Mwingine alisema sheria inayomwachia tajiri lita mbili na kumnyima maskini glasi moja si sheria ya kijamaa. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliutia utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu, na Wabelgiji wanajivunia jambo hilo kwa haki. Lakini urithi ni wa wote, viwanda vina wenyewe. Mwaka 1900 nchi hiyo ndogo ilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 3,000, karibu kila kijiji na chake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waling'oa masufuria ya shaba wakaenda kuyayeyusha, na vingi havikufufuka. Vingine vilimezwa na wakubwa. Kufikia miaka ya 1980 havikufika 200. Katika miaka ya karibuni vidogo vimeongezeka tena, ila bia nyingi inatoka kwa wachache.

Mkubwa kupita wote alianzia mji wa Leuven. Mwaka 1987 kampuni ya Artois iliungana na Piedboeuf ikawa Interbrew. Mwaka 2004 ikaungana na AmBev ya Brazil ikaitwa InBev. Mwaka 2008 ikainunua Anheuser-Busch ya Marekani kwa dola bilioni 52, ikawa AB InBev. Kisha Oktoba 2016 ikainunua SABMiller, kampuni yenye asili ya Afrika Kusini, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Hapa ndipo tulipoacha kuwa watalii. SABMiller ndiyo iliyokuwa na Nile Breweries pale Njeru, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, na ndiyo iliyokuwa na sehemu kubwa ya Tanzania Breweries. Kwa siku moja viwanda hivyo vilihamia mikononi mwa kampuni yenye makao yake Ubelgiji, na mkulima anayeuza mtama wa bia ya Eagle akawa kamba moja na watu wa Leuven, naye labda hana habari.

Tueleze vizuri, kwa sababu wengi huchanganya. Kampuni inaponunuliwa kwa hisa, jina la mwajiri katika mkataba wako halibadiliki. Langoni kibao ni kilekile, meneja ni yuleyule, na mkataba wa pamoja unaendelea. Kilichohama ni mahali pa kuamua. Mwakilishi wenu anakaa mezani na meneja, meneja anasema "nitauliza juu", na hiyo juu imesogea maelfu ya maili. Ni jambo jingine kiwanda chenyewe kinapouzwa, mitambo na watu pamoja, kwa mwajiri mpya. Huko Ulaya ipo kanuni tangu mwaka 1977 kwamba mnunuzi wa namna hiyo anazirithi haki za wafanyakazi anaowakuta.

Na je, aliye mbali hawezi kusikia? Wabelgiji wenyewe wamejaribu. Katika kijiji cha Hoegaarden, muuza maziwa aitwaye Pierre Celis aliifufua bia nyeupe ya ngano mwaka 1966, baada ya kiwanda cha mwisho kijijini kufungwa. Kiwanda chake kiliungua mwaka 1985, akahitaji mtaji wa wakubwa, na hatimaye kikawa chao. Mwaka 2005 InBev ilitangaza kukifunga na kuipeleka kazi Jupille. Wafanyakazi na wanakijiji waliandamana. Mwaka 2007 kampuni ikageuza uamuzi, na sababu moja ilikuwa kwamba bia ile ilisumbua kupikwa kule Jupille. Hakuna aliyefurahi kama wale wapishi wa zamani, kwa maana ujuzi ulikuwa mikononi mwao.

Januari 2010 kampuni ilitaka kupunguza karibu mtu mmoja katika kila kumi Ulaya Magharibi. Wafanyakazi wa Jupille, Leuven na Hoegaarden walifunga malango, lori lisiingie wala kutoka. Kwa muda wa wiki mbili hivi bia ikaanza kuadimika madukani, na kampuni ikauondoa mpango wake kwa Ubelgiji. Bia ina desturi hii: duka linaitaka kila siku, na lori lisipotoka lango moja watu wanajua kabla ya Jumamosi.

Jambo jingine tuliloonyeshwa Brugge ni bomba. Kiwanda cha De Halve Maan kiko katikati ya mji wenye njia nyembamba, na kutia chupani hufanyika nje ya mji. Tangu Septemba 2016 bia hupita chini ya ardhi katika bomba la zaidi ya kilomita 3, lita 4,000 kwa saa. Mji umepumzika na malori, nasi tunaelewa raha ya watu wa mji. Hata hivyo swali letu la kwanza lilikuwa moja: madereva wamepewa kazi gani? Mzee wa reli alicheka akasema hilo ndilo swali aliloliuliza yeye pia siku walipofungua.

Mwisho wa ziara unapandishwa chumba cha kuonjea, chenye madirisha yanayotazama uwanja na mnara. Mmoja wetu alipewa glasi tatu ndogo, na kila bia ina glasi yake kama vile kila kabila lina kibuyu chake. Moja ilikuwa chachu sana, tukaambiwa hiyo ndiyo ghali. Mwenzake alikunywa soda na kuhesabu wahudumu: watatu kwa chumba kilichojaa. Alimwuliza mmoja kama wana chama. Yule kijana alijibu kwamba yeye ni kibarua wa siku za mwisho wa wiki.

Tuliporudi tulianza kukusanya mikataba ya pamoja ya matawi yote, tuone ipi inataja kiwanda kuuzwa na ipi imenyamaza. Mpaka tunaandika haya, matawi mengi yameleta, lakini matatu ya mashambani hayana nakala kabisa; moja lilituambia nakala iko katika kabati la mwajiri. Katibu wa tawi aliye na karatasi hiyo aje nayo kwenye mkutano ujao, hata kama imechanika.