Mama Mjamzito na Mama Anyonyeshaye Katika Mwezi wa Saumu

Kila mwaka mwezi wa Shaabani unapokaribia kwisha, nyumba nyingi za Mwananyamala, Magomeni, Tandika na Mbagala huingia katika maandalio ya mfungo. Hununuliwa tende, unga wa uji, viazi na magimbi. Watoto huulizana ni nani mwaka huu atakayeweza kufunga mwezi mzima. Lakini ndani ya nyumba hizo hizo lipo swali lisilotajwa barazani, nalo huulizwa chumbani kwa sauti ya chini: mama aliye na mimba, au aliyejifungua juzi, au anyonyeshaye, afanyeje?

Twaliandikia swali hili kwa sababu, likikosa jibu la wazi, mama hujijibu mwenyewe kwa haya. Na haya ni mapambo mazuri ya mwanamke na mwanamume, lakini si mwalimu wa sheria. Yuko mama alaye mchana nyuma ya mlango wa jiko uliofungwa, chakula cha jana kilichokwisha kupoa, huku akisikiliza nyayo za wakweze. Yuko mwingine afungaye hali magoti yanamtetemeka, kwa kuwa jirani yake mwenye mimba kubwa kuliko yake amefunga. Na wako wengi wasemao kwamba kufunga pamoja na watu ni kwepesi kuliko kubaki na deni la siku 30, ulilipe peke yako katika nyumba ambamo wengine wote wanakula. Hawa wote hawakukosa dini. Walichokosa ni nyumba iliyoifahamu dini yao.

Sheria ilivyo

Suratul Baqara, katika aya za 183 hadi 185, imetuwekea saumu, na papo hapo imeweka ruhusa kwa mgonjwa na msafiri, ikatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Tazameni mpango huo: amri na ruhusa zimeteremka pamoja. Basi aishikaye amri akaidharau ruhusa ameshika nusu ya aliyopewa. Naye Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik wa kabila la Kaab, amewataja mwenye mimba na anyonyeshaye pamoja na msafiri miongoni mwa waliopunguziwa saumu.

Maulamaa wametofautiana juu ya malipo, wala hapana ajabu katika hilo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mama aliyefungua kwa kujihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, hulipa siku zake tu. Aliyefungua kwa kumhofia mtoto peke yake hulipa siku, na juu ya kila siku hutoa kibaba kimoja cha chakula cha mji, kadiri ya robo tatu ya kilo ya mchele, apewe maskini. Katika madhehebu ya Hanafi hulipa siku bila ya kibaba. Tena imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Umar kwamba waliona kulisha maskini kwamtosha. Mwenye shaka na amuulize sheikh wa msikiti wake. Lakini katika kauli zote hizo hapana hata moja inayomwita mama huyo mwenye dhambi.

Ama aliyejifungua, yeye hukumu yake ni nyingine. Maadamu damu ya nifasi inatoka, saumu yake haisihi, na ni haramu kwake kuikusudia. Atazilipa siku hizo baadaye, wala sala za muda huo halipi. Hapa hapana budi tuondoe kosa moja la zamani. Wengi hudhani kwamba nifasi ni siku 40 kamili, kwa sababu ndiyo arubaini ya mzazi katika mila yetu, anapokaa ndani akapikiwa uji wa pilipili manga na kukandwa kwa maji ya moto. Arubaini ni mapumziko mema, na atakaye aitimize. Lakini nifasi hufuata damu wala haifuati kalenda: ikikatika siku ya 20, mama ataoga na kusali. Na saumu je? Hapo huingia katika ruhusa ya anyonyeshaye: akiweza atafunga, akihofu ataacha.

Waliokuwa kabla yetu

Aya ile ya saumu imetukumbusha kwamba kufunga kuliwekwa pia juu ya umma zilizotutangulia. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura. Nao hata leo wanafunga, na baadhi yao wanaishi jirani na sisi: Nairobi ina sinagogi yake, na karibu na Mbale, Uganda, wako Waafrika waitwao Abayudaya, ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Twapenda wasomaji wetu wajue vipi watu hao wa Kitabu wamelikabili swali hili hili, kwa maana mfungo wao mkubwa, Yom Kippur, huchukua yapata saa 25 bila ya chakula wala maji.

Sheria yao kwa mwenye mimba na anyonyeshaye ni kali kuliko yetu katika siku hiyo kuu, kwani asili yake ni kwamba wafunge kama wengine. Hata hivyo mwanzuoni wao Yosef Karo, ambaye kitabu chake cha sheria kilipigwa chapa Venice mwaka 1565, ameeleza kwamba aliyezaa hafungi kabisa katika siku tatu za kwanza. Toka siku ya tatu hata ya saba, akisema mwenyewe kwamba anahitaji kula, hulishwa. Baada ya siku saba huhesabiwa kama watu wengine. Na katika mifungo yao midogo mjamzito na anyonyeshaye wamesamehewa. Zaidi ya hayo, katika Mishna, ambayo ni mkusanyo wao wa kale wa sheria, imo hukumu kwamba mjamzito aliyesikia harufu ya chakula akazidiwa na tamaa, hulishwa hata nafsi yake itulie, ijapokuwa ni siku ya Yom Kippur. Ikiwa kuna hatari, marabi huagiza ale na kunywa kidogo kidogo, kwa kuachanisha dakika chache baina ya funda na funda.

Njia zao si zetu. Wao wamehesabu siku tangu kuzaa, sisi twatazama damu na hofu ya madhara. Lakini mizani zote mbili zimeelekea upande mmoja: uhai ukiwa hatarini, saumu hungoja. Na jambo jingine la kufikiriwa ni kwamba neno la mama mwenyewe limepewa uzito. Hakutakiwa alete mashahidi wa njaa yake.

Wasemayo matabibu

Siku ya saumu katika Dar es Salaam, toka alfajiri hata magharibi, huwa baina ya saa 13 na 14, nayo haibadiliki sana kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo lavumilika. Mwili wa mjamzito, lakini, humaliza sukari ya damu upesi kuliko mwili wa mwingine, kwa kuwa mtoto anachukua sehemu yake bila ya kungoja adhana. Ongeza joto la nyumba ya bati, foleni ya maji, na safari ya daladala ya kusimama, na mzigo huwa umezidi.

Iko na sababu iliyo yetu hasa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 uliwaona wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwenye upungufu huo akishika mimba huingia katika Ramadhani hali tayari amepungukiwa. Tena nchi yetu ni nchi ya malaria; ndiyo maana kliniki humpa mjamzito dawa ya SP ya kukinga malaria, akaimeza mbele ya muuguzi. Kumeza kidonge kunafungua. Basi mama asiahirishe kliniki kwa ajili ya saumu ya siku moja: siku hulipwa, lakini malaria ya mimba haingoji Shawwali. Vidonge vya kuongeza damu vyaweza kumezwa usiku, baada ya kufuturu.

Wataalamu wamechunguza pia matokeo kwa watoto, na haki ni kusema yote waliyoyaona. Mwaka 1983 madaktari wa Jerusalem waliandika kwamba uzazi uliongezeka kwa wajawazito kwa sababu ya mfungo wa Yom Kippur. Mwaka 2011 Douglas Almond na Bhashkar Mazumder walieleza kwamba huko Michigan, Marekani, watoto wa mama wa asili ya Kiarabu ambao mimba zao zilikutana na Ramadhani walizaliwa na uzani mdogo kidogo. Na katika hesabu za watu za Uganda na Iraki waliona kwamba Waislamu ambao mwanzo wa mimba zao uliangukia Ramadhani walikuwa na ulemavu ukubwani kwa kiasi cha asilimia 20 zaidi. Wachunguzi hao hawakujua ni mama yupi aliyefunga na yupi aliyekula. Walijua miezi tu. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walikusanya chunguzi 22 zenye mimba zaidi ya 31,000, wasione kwamba saumu imepunguza uzani wa watoto wala kuwazalisha kabla ya wakati.

Twajifunza nini? Si kwamba kila mjamzito afungaye anamdhuru mwanawe, wala si kwamba hapana la kuogopa. Mama mwenye afya, aliyepimwa, anayekula daku na kunywa maji ya kutosha usiku, aweza kufunga na saumu yake ikasihi. Bali mwenye kisukari, shinikizo la damu, upungufu wa damu au mimba ya pacha na asifunge kabla ya kumwona daktari au mkunga. Na aliyefunga akaona kizunguzungu, macho kuingia giza, kichwa kuuma sana, mkojo kuwa mchache na wa rangi nzito, au mtoto kupunguza kucheza tumboni, afungue saa ile ile na aende zahanati, au hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke kwa aliye karibu nazo. Akitokwa na damu asikae kutafuta ushauri wa majirani. Hapo kuendelea kufunga si ucha Mungu. Nafsi ni amana, na ndani yake iko amana ya pili.

Wajibu wa nyumba

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tuandike. Ruhusa hii imeandikwa vitabuni karne nyingi, na masheikh huitaja mimbarini. Mbona basi mama bado anakula nyuma ya mlango? Ni kwa sababu sisi, watu wa nyumba, tumeikubali ruhusa kwa ulimi tukaifanya nzito kwa macho. Ruhusa ambayo mwenyewe haoni njia ya kuitumia ni kama taa iliyofungiwa kabatini.

Enyi waume, lianzeni neno hili ninyi. Kabla ya mwezi kuandama, mwambie mkeo mbele ya mama yako kwamba mwaka huu hali yake ni ya kula, na kwamba nyumba imeridhia. Acha fedha ya chakula chake cha mchana kama uachavyo ya futari. Kibaba kikimpasa, kitoe wewe ikiwa unaweza. Usimwache mama wa mtoto wa miezi miwili akahesabu vibaba kutoka katika fedha yake ya sabuni.

Nawe mama mkwe, uliyezaa na kulea, neno lako katika jambo hili lina nguvu kuliko hotuba. Ukimpelekea mkwe wako uji adhuhuri kwa mkono wako mwenyewe, haya yote ya jikoni yatakwisha siku ile.

Kisha liko deni. Siku hizo hazilazimu kulipwa kwa mfululizo. Mama anayo miezi 11, isipokuwa siku mbili za Idi na siku tatu zifuatazo Idi ya Kuchinja. Alipe Jumatatu na Alhamisi, mbili mbili, na mumewe afunge pamoja naye hizo siku za sunna, wale daku pamoja na kufuturu pamoja. Ndipo lile neno la kwamba kulipa ni upweke litakapokosa nguvu. Na kama mwaka wa pili umemkuta bado ananyonyesha na hali yake haijamruhusu kulipa, udhuru wake ungalipo. Asiseme kwamba amekuwa mtu wa madeni mbele ya Mola wake.

Nanyi vijana mliofikia umri wa kufunga, mnapomwona dada au shangazi anakula mchana wa Ramadhani, msimuulize kwa nini. Mwanamke anazo nyudhuru ambazo sheria yenyewe imezisitiri, na mwenye adabu hafunui kilichositiriwa.

Ramadhani ni mwezi wa kila mtu wa nyumba, pamoja na yule anayekula kwa ruhusa ya Aliyeamrisha saumu. Mama huyo naye yumo katika utii. Mwenyezi Mungu awape mama zetu afya, awakuze watoto wao katika kheri, na atupe sisi macho ya kuona wepesi aliotuwekea. Amin.